Kipimo cha Pili cha Baba Mkwe

Nilipokaribia kuolewa, mume wangu alinionya jambo moja kuhusu baba yake. Alisema nisije nikamkabili uso kwa uso. Tukikutana njiani, nipishe. Akiwa sebuleni, nibishe hodi kwanza. Wao ni watu wa Rungwe, na kwa wazee wa kule mkamwana na baba mkwe hawaketi pamoja wala hawapeani mkono. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu heshima ipo, ila baba mkwe unampakulia ugali huku mnaongea habari za mvua. Nikadhani mwenzangu ananitania.

Hakuwa ananitania. Mama mkwe alipofariki, mzee alikuja kuishi nasi Ukonga, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kukaa nyumba moja na wewe miaka na usijue vizuri rangi ya macho yake. Akitaka kupita jikoni, alikohoa kwanza nje ya mlango. Nami nikipeleka chai, niliiweka kwenye stuli nikasema, "Chai hiyo, baba," nikaondoka. Asubuhi nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, "Shikamoo baba," naye akajibu, "Marahaba, mama," akitazama migomba.

Migomba ilikuwa yake. Mwenye nyumba wetu alimruhusu kuipanda pembeni ya ua, na yule mzee akaigeuza ile kona ya mchanga kuwa kipande cha kwao. Aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo, akaikata majani makavu, akaipa majina ya aina nisizozijua. Wapangaji wenzetu walimheshimu sana. Alikuwa mtu wa maneno machache, msafi, shati lake limenyooshwa hata siku ya Jumanne isiyo na maana yoyote.

Nasema haya ili ieleweke ule mzigo ulikuwa mzito kiasi gani ulipotua mikononi mwangu, mimi na si mtu mwingine.

Usharikani kwetu waliandaa siku ya afya. Baada ya ibada, madaktari na wauguzi walikaa chini ya maturubai wakipima presha, sukari, macho. Waliofika umri wa wazee walipewa vikopo vidogo wapeleke sampuli ya choo. Baba mkwe alichukua kikopo kwa sababu mwinjilisti alichukua, na wazee wote wa benchi lake wakachukua. Walipomwomba namba ya simu, akatoa yangu, maana ya mume wangu mara nyingi haipatikani. Mume wangu ni fundi mitambo mgodini, Geita, na akiwa kazini simu hubaki kabatini.

Kwa hiyo muuguzi alinipigia mimi. Nilikuwa shuleni, darasa la tatu, watoto wanachora ramani ya kijiji. Nikatoka kwenye korido.

"Wewe ni nani wake?" aliniuliza.

"Mkamwana wake."

"Basi sikia, dada. Kile kipimo cha mzee kimeonyesha damu kwenye choo, damu ambayo kwa macho haionekani. Usimtishe. Inaweza kuwa na sababu nyingi, nyingine ndogo tu. Lakini hatuwezi kukisia. Inabidi aje afanyiwe kipimo cha pili, cha kamera, tuuone utumbo mpana kwa ndani."

"Hiyo kamera inapitia wapi?" niliuliza, na kabla sijamaliza nikawa nimeshajua.

"Inapitia njia ya haja kubwa, dada."

Nilirudi darasani nikamsifu mtoto aliyechora mto ukipanda mlima. Kichwani nilikuwa najiuliza ni kwa mdomo gani nitayasema maneno hayo mbele ya mtu ambaye sijawahi kumtamkia neno "choo."

Sikuyasema. Nilimsubiri mume wangu hewani hadi jioni nikampa yeye. Akasema, "Mwambie tu wewe, si uko naye hapo?" Nikamuuliza kama amesahau ni nani aliyenifundisha kupisha njia. Akacheka kwa huzuni, akampigia baba yake. Nilimsikia mzee uani akisikiliza kwa muda mrefu. Jibu lake lilikuwa neno moja, "Nimesikia."

Kwa watu wengine, nimesikia maana yake nitafanya. Kwa baba mkwe ilikuwa na maana kwamba masikio yake ni mazima. Siku zikapita, wiki zikapita. Alikwenda kanisani, alimwagilia migomba, alikula vizuri. Nikaanza kuona mizizi imelowekwa kwenye jagi chumbani kwake, maji yamekuwa mekundu kama chai. Nikaelewa kwamba amesikia kweli, na kwamba anajitibu kwa namna isiyohitaji kumvulia mtu suruali.

Muuguzi akapiga tena. Alikuwa mpole. Aliniambia wengi wa wale waliopatikana na damu hawakurudi. Mmoja alihama, mmoja alisema ni bawasiri, wengine hawapokei simu tena wakiiona namba yake. "Nikikupoteza na wewe," alisema, "huyu mzee nitampatia wapi?"

Ile kauli ilinikaa. Jumamosi ile mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, nje kidogo ya dirisha la jikoni, akimenya ndizi. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Kati yetu palikuwa na nondo za dirisha na pazia. Nikaona Mungu amenipa kile ambacho wazee wa Rungwe wenyewe wangekikubali, maneno bila nyuso.

"Baba," nilisema, "nina neno, ila linanishinda."

Kisu kikasimama. "Sema, mama."

"Ni lile la kanisani. Yule nesi amepiga tena."

Kisu kikaanza tena, taratibu. "Mie siumwi," alisema. "Nakula, nalala. Mtu mgonjwa humwona."

"Amesema ugonjwa wenyewe unaanzaga hivyo, bila kuuma."

"Hiyo damu ni bawasiri. Nilikuwa nayo tangu nikifanya kazi stoo, nanyanyua magunia ya misumari."

"Inawezekana kabisa, baba. Basi wakaone wenyewe kwamba ni bawasiri, tupumzike."

Nikasikia kisu kikitua kwenye beseni. Nilipochungulia pembeni ya pazia nikaona mgongo wake, na shingo yake nyembamba ikimeta kwa jua.

"Mama," alisema mwisho, kwa sauti ya chini sana, "mimi ni mtu mzima. Nimezika wazazi wangu na mke wangu. Watoto wa rika la mwanangu wanilaze ubavu, waniingize mpira kule? Nikirudi hapa nitawatazamaje watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za hofu ya saratani, na kumbe hofu yake haikuwa ya kufa. Alichokuwa akikilinda ni kile kitu ambacho sisi sote nyumbani tulikuwa tumemsaidia kukilinda kila siku, kwa kukohoa mlangoni na kuinamisha vichwa. Sikumwona mjinga hata kidogo.

"Watu hawatajua, baba," nilisema. "Nitakaa nje ya mlango. Sitauliza chochote."

Akamaliza kumenya ndizi zote, akasukuma beseni chini ya dirisha nilichukue. "Utapanga siku," akasema.

Kupanga siku nako kulikuwa safari. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda walimwandikia kipimo, kisha wakatuambia mashine ina hitilafu, fundi anasubiriwa, tupige simu. Nilipiga. Fundi alikuwa bado anasubiriwa. Tukaelekezwa hospitali nyingine upande wa pili wa mji, ambako mashine ilikuwa nzima lakini foleni ilikuwa ndefu, na bima yangu ya ualimu ikataka kibali kabla. Kwenye dirisha la bima nilikwenda mara kadhaa nikitokea shuleni, vumbi la chaki mikononi. Mara daktari hajaweka saini, mara mtandao uko chini. Mwalimu mkuu wangu alikuwa mwema, lakini wema wa mwalimu mkuu una kikomo mitihani ya majaribio ikikaribia. Kila niliporudi bila tarehe, nilimwona baba mkwe akipata nafuu usoni. Alianza kuniuliza yeye mwenyewe, kwa namna yake: "Bado, eh?" Na nikisema bado, alipiga mluzi mdogo akaenda kwenye migomba.

Mwishowe tarehe ikapatikana. Daktari kijana alituita wote wawili ndani kunielekeza mimi, kwa kuwa mzee alikuwa ameitikia kila kitu bila kusikia. Siku ya kabla ya kipimo asile chakula kizito, anywe vitu vyepesi tu vya maji, kisha jioni aanze kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kadhaa, kidogo kidogo. "Ataharisha sana," daktari alisema. "Ndiyo tunachotaka. Utumbo lazima uwe mweupe, la sivyo kamera haioni kitu."

Baba mkwe alikuwa akitazama kalenda ya ukutani kana kwamba ndani yake kuna mtu anayemjua.

Sasa niseme kuhusu nyumba yetu. Tunapanga upande mmoja wa nyumba kubwa yenye familia kadhaa. Vyoo viko uani, viwili, na kimoja siku ile kilikuwa kimejaa, kimefungwa kwa kipande cha bati. Kilichobaki kinapakana na bomba la maji, mahali ambapo wanawake wote wa nyumba hufulia na kupiga soga. Mlango wake ni wa bati, na sauti za ndani si siri kwa mtu yeyote.

Jioni ile alianza vizuri. Nilimwandalia dawa kwenye jagi nikaweka mlangoni kwake. Nikamwona anatoka, ndoo mkononi, shati limenyooshwa. Akarudi. Akatoka tena. Mara ya tatu alikuta foleni. Mama wa chumba cha mwisho na watoto wake, kisha fundi cherehani wa chumba cha kati na taulo begani. Walimpisha kwa adabu, "Pita babu, pita," na nadhani huko kupishwa ndiko kulikomuumiza zaidi. Alisimama pale na ndoo yake, mzee aliyekuwa akipishwa kanisani na barabarani, sasa anapishwa chooni. Aliporudi chumbani hakutoka tena. Asubuhi jagi lilikuwa tupu. Nikamshukuru Mungu.

Jagi lilikuwa tupu kwa sababu alimwagia migomba.

Nilianza kulijua hilo hospitali. Walimwingiza, na baada ya muda mfupi kuliko nilivyoambiwa, muuguzi akatoka akatikisa kichwa. Utumbo ulikuwa mchafu, hawakufika popote. Inabidi arudie. Mzee alipotoka, alikuwa amefunga vifungo vya shati vyote hadi shingoni. Kwenye bajaji, tulipokaribia nyumbani, alisema, akitazama nje, "Niliimwaga ile dawa, mama. Usimlaumu mtu." Na baada ya kitambo, "Sitarudi tena kule."

Nilimwambia sawa, baba. Nilikuwa nimechoka. Jioni nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba baba yake hakukataa kwa ukaidi, ila kile kipimo kimetengenezwa kwa watu wenye choo ndani. Mume wangu akalia. Sikuwahi kumsikia akilia. Alisema ataomba ruhusa, na ruhusa haikutoka.

Kuna mtu mmoja ambaye baba mkwe alimtembelea kila mwezi bila kukosa, huko Kinondoni. Alikuwa bosi wake wa zamani, mzee wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo sasa linaendeshwa na wajukuu. Baba mkwe alikuwa mtunza stoo wake ujana wake wote, kabla hajastaafu kurudi Rungwe. Hadi leo anamwita bosi, na yule anamwita Stoo. Kazi ilikwisha zamani, urafiki ukabaki. Wanakaa barazani kwa mzee wa Kihindi wanakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, wanawazungumzia wafu wao.

Mwezi ule baba mkwe hakwenda. Na uliofuata hakwenda. Basi bosi mwenyewe akaja, kwenye bajaji, amevaa kofia yake ya kufuma na kushika mfuko wa keki za mkewe. Aliingia uani akisema kwa sauti kubwa, "Stoo! Umekufa hujaniambia?"

Niliwawekea viti karibu na migomba nikaleta chai. Mzee wa Kihindi hana habari za kuinamisha kichwa. Alinitazama usoni akauliza, "Binti, huyu ana nini? Amekonda roho."

Nilitazama chini. "Mwulize mwenyewe, baba," nikasema, nikaingia jikoni. Nilikaa pale pale dirishani. Sitasema kwamba sikusikiliza.

Kisha baba mkwe alisema kitu kwa sauti ya chini nisichokisikia, na mzee wa Kihindi akaangua kicheko kikubwa, hadi wanawake wa bombani wakageuka.

"Hicho tu? Stoo! Mimi nimeshachunguliwa huko mara nyingi kuliko wewe ulivyohesabu misumari yangu!"

"Shh, bosi."

"Shh ya nini? Kaka yangu alikufa na kitu hicho. Yule mkubwa, unamkumbuka, mwenye gari la kijani. Tangu hapo wanangu hawanipi nafasi. Nalala, nachomwa sindano, naota niko bustanini, naamka, mke wangu ananipa chai. Basi. Wewe unadhani wanakutazama? Wanatazama runinga! Wewe hata usoni hawakujui."

"Kipimo si neno," baba mkwe alisema. Sasa nilimsikia vizuri, sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Neno ni hapa." Nadhani alionyesha choo, kwa kuwa mzee wa Kihindi hakucheka tena.

"Ah," alisema. "Ah, Stoo. Kwa nini hukusema?" Kiti kililia alipokisogeza. "Chumba cha mwanangu yule wa nje ya nchi kipo wazi. Choo kiko humo humo, mlango unafungwa kwa ndani. Utakuja kwangu siku ile ya dawa. Mke wangu atakuchujia supu. Sie tunafunga mwezi mzima, wewe siku moja itakushinda?"

Mzee wangu alisema hawezi kumsumbua bosi. Bosi akamwambia alipokuwa kijana na duka limevunjwa na wezi, ni nani aliyelala stoo wiki nzima juu ya mifuko ya saruji? Aliumia mgongo kwa ajili ya nani? Basi asimwambie habari za kusumbua.

Nilipotoka kuchukua vikombe, baba mkwe alikohoa. "Mama," alisema, akitazama migomba, "waambie hospitali wanipe siku nyingine."

Walinipa. Kibali cha bima kilihitajika upya, na safari hii niliingia pale dirishani nikiwa mtu mwingine. Niliketi hadi saini ikapatikana.

Siku ya kabla ya kipimo nilimpeleka Kinondoni na kibegi chake. Mke wa mzee wa Kihindi alinipokea mlangoni, mwanamke mdogo wa umbo, mtandio mweupe, akaniambia nisiwe na wasiwasi, dafu lipo, supu ya kuku ameichuja kwa kitambaa, na juisi ya tufaha iliyochujwa. Alimwonyesha mgeni wake chumba. Nilikiona kwa mbali. Kitanda kilichotandikwa, taulo lililokunjwa, feni, mlango wa choo uliopakwa rangi ya bluu. Baba mkwe alisimama mbele ya mlango ule wa bluu akagusa kitasa chake, akaufunga, akaufungua, kama mtu anayenunua nyumba.

Nilirudi Ukonga. Mchana mzima na jioni simu yangu ilikuwa na taarifa kutoka kwa mzee wa Kihindi, ambaye hana neno analolificha. "Ameanza." "Ametoka, ameingia." "Nimegoma kula nami pia, nakunywa supu tu, mke wangu amekasirika." Baadaye, "Sasa ni maji tu, binti, maji ya bomba kabisa! Mpigie nesi umwambie!" Nilicheka peke yangu jikoni hadi machozi. Aliniambia pia kwamba alikuwa ameweka kiti nje ya mlango wa chumba na kumsomea Stoo gazeti kwa sauti, habari za mpira na za bunge, ili asijisikie mpweke. Baba mkwe alikuwa akijibu kutoka ndani.

Asubuhi tulikutana hospitali, wao wawili na mimi. Walitaka ndugu wa kusaini na wa kumrudisha nyumbani, kwa sababu ya sindano ya usingizi. Mzee wa Kihindi akajitokeza, muuguzi akamwambia kwa adabu kwamba anahitaji mtu wa familia na mwenye miguu imara. Nikasaini mimi. Palipoandikwa uhusiano nikaandika mkamwana.

Tulikaa kwenye benchi la chuma. Mzee wa Kihindi alivuta tasbihi yake. Mimi nilikuwa na madaftari ya watoto lakini sikusahihisha hata moja. Safari hii muda ulikuwa mrefu.

Walipotuita, baba mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka mapajani, macho mazito kwa dawa. Viatu vyake vilikuwa chini. Alijaribu kuvifikia akayumba. Muuguzi alikuwa upande mwingine na mgonjwa mwingine, na mzee wa Kihindi magoti hayamkunjiki. Nikapiga goti. Nilimvisha soksi moja, kisha nyingine, kisha viatu, nikafunga kamba. Miguu yake ilikuwa ya baridi na ngozi yake laini kuliko nilivyodhani. Sikuwahi kuigusa. Nilipoinua kichwa, alikuwa ananitazama. Macho yake ni ya kahawia hafifu, yana ukingo wa kijivu kwa uzee.

"Ndaga, mama," alisema. Ndiyo asante ya kwao. Akaweka mkono begani kwangu akasimama.

Daktari alituambia aliyoyaona. Vinyama kadhaa, vingine amevitoa pale pale. Kimoja kilikuwa kikubwa, kimetambaa ukutani mwa utumbo, hakikutoka. Amekata kipande kwenda kupimwa. Hakutuficha kwamba hakukipenda.

Majibu yalipokuja, ilikuwa saratani. Ilikuwa imeanza lakini haijasambaa. Mume wangu alipata ruhusa safari hiyo, maana sasa jambo lilikuwa na jina ambalo maofisa wa mgodini wanaliogopa. Mzee alifanyiwa upasuaji, wakakata kipande cha utumbo wakaunga. Alikaa wodini, akakonda, akachukia uji wa hospitali, akaomba ndizi. Daktari alimwambia mume wangu mbele yangu kwamba mzee alikuja wakati mzuri. Mume wangu alinitazama. Nikataka kumwambia kwamba wakati mzuri ulikuwa karibu utupite, na si kwa kosa la mzee, lakini hapakuwa mahali pake.

Hayo yamepita. Baba mkwe anarudi hospitali kwa kamera kila anapoitwa, na kila mara anahamia kwanza Kinondoni kwa supu ya kitambaa. Amepona. Uzito umerudi. Mwenye nyumba naye, baada ya sie wapangaji kumsema sana, amekarabati kile choo cha pili.

Hivi karibuni usharika umefanya siku nyingine ya afya. Safari hii, kati ya waliopigiwa simu na yule nesi ni fundi cherehani wa chumba cha kati. Mkewe alinijia bombani akaninong'oneza, amekataa kabisa, anasema yeye si wa kuingiziwa mpira. Nilimweleza baba mkwe, moja kwa moja, tukiwa tumeketi uani.

Alifikiri. "Tusimsukume," alisema. "Ana aibu tu."

Jioni alikwenda chumba cha kati na suruali yake mkononi, ati zipu imeharibika. Zipu ilikuwa nzima, mimi ndiye ninayezifua suruali zake. Alikaa kule muda mrefu, na cherehani haikusikika ikilia. Aliporudi nilimuuliza amekubali?

"Hajakubali," alisema. "Ila ameniuliza kama inauma."

Fundi hajaenda hadi ninapoandika haya. Kesho mzee atampelekea shati, ati la kupunguza mikono.